Mji Usio na Jina

Kadi ya kwanza ilifika Newala msimu wa salfa,
mikorosho imepakwa unga, mbuzi wana kope za njano.
Karani wa posta aliigeuza mara tatu
kabla ya kunipitishia dirishani:
"Dada Somoe, picha yenu imeungua."

Haikuungua. Ilikuwa nyekundu tu,
nyekundu toka ukingo hadi ukingo,
na chini yake utepe wa damu ya mzee
usioamua kama ni mstari au ni kivuli.
Nyuma, mwandiko wa kaka yangu Shaibu, ule wa kulalia kushoto:
Hii ndiyo ninayoilinda. Saa nane kwa siku.
Watu wanakuja, wanasimama, wengine wanalia.
Usimwambie mama kwamba wanalia.

Baba alilinda ghala la korosho miaka kumi na tisa
kwa tochi, filimbi na rungu la mpingo.
Magunia aliyajua kwa harufu.
Sasa mwanawe amevuka mabara
akalinde wekundu
usije ukaguswa kwa kidole.

Mimi ni fundi cherehani, nguo naijua.
Nikaiweka kadi mezani, mkasi juu yake isipeperuke,
nikaisoma kama ninavyosoma doti:
pindo lipo, jeupe, jembamba;
mji upo, umejaa;
jina hakuna.
Nani atanunua kanga isiyosema?
Jirani atajuaje kwamba umemchoka?

Zikaja nyingine. Ya maji ya kunde. Ya ugoro
iliyolaliwa na weusi wa kaniki mpya.
Moja ya njano, hiyo nikacheka,
nikamjibu: Kaka, hii tunayo, tunaivuta puani
tangu Juni, na hatulipi kiingilio.

Mgongoni mwa kila kadi kuna vipimo, tarakimu kama mayai ya chawa:
sentimita mia mbili thelathini na sita kwa mia mbili na saba.
Nikachukua futi ninayopimia viuno,
nikapanda kigoda, nikachora kwa chaki ya kitambaa
ukutani nje, upande wa jikoni.
Ikala dirisha. Ikala nusu ya mlango.
Mfaume wa jirani, darasa la tatu, akasimama katikati yake
akauliza, "Humu anakaa nani?"

Wakati huo mama alikuwa na mtoto wa jicho,
macho yote mawili. Hakumtambua mtu hadi aseme.
Lakini kadi alizileta usoni, pua ikigusa,
akazitaja moja moja:
"Hii ina baridi. Hii kaituma akiwa na njaa.
Hii, ngoja kwanza... hii inapumua."

Novemba tukampeleka Ndanda. Siku ya kufunguliwa bandeji
alisoma bango la ukutani, akakagua viatu vya daktari,
akanigeukia: "Umezeeka, Somoe."
Kisha akaomba kadi.

Ile nyekundu aliitazama muda mrefu.
"Ni vitone," akasema. "Vyekundu, vya njano, vya waridi,
kama vipele vya surua.
Na hapa pembeni muhuri umekwaruza.
Ni karatasi, mwanangu. Mlinipa karatasi."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulipia dawa ya matone.

Siku hizi anashona vifungo, sindano anatunga mwenyewe,
ubishi umemrudia, chenji anaihesabu mara mbili.
Chaki ukutani mvua imeifuta upande mmoja,
sijaichora tena.
Ila jioni, akidhani nimeinamia pedeli,
huitoa ile ya kwanza chini ya mkeka,
huisogeza, huisogeza,
mpaka jicho jipya lishindwe
na vitone viyeyukiane.
Hapo hutulia, pua kwenye rangi,
akimtafuta yule aliyesimama pembeni,
nje ya pindo, asiyepigwa picha,
aliyewageukia watu
na kuupa wekundu mgongo.